Nyumba Iliyofutika kwa Kidole Kimoja

Ni nani kati yetu, akina mama, ambaye hakuwahi kupika matope katika kifuu cha nazi? Tulipokuwa wadogo tulichora vyumba mchangani kwa kijiti, huku sebule, huku jiko. Tulikatakata majani ya mwembe tukayaita mchicha, na magunzi ya mahindi tukayafunga vitambaa yakawa watoto wetu. Hakuna aliyetuambia tujenge nini. Hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Jua lilipotua mama aliita, tukaiacha nyumba yetu palepale, na usiku mvua ikaipitia. Asubuhi tulianza upya bila kinyongo.

Watoto wetu wengi wa siku hizi hawana kiwanja cha namna hiyo. Nyumba za mijini zimebanana, na penye uwazi hupita pikipiki. Lakini hamu ya kujenga haikufa, bali imehamia katika simu na kompyuta. Ipo michezo ambamo mchezaji hapewi amri ya kufuata, ila huachiwa ulimwengu mzima aufanye apendavyo. Hata jina la jumla la michezo hiyo kule ilikobuniwa limetokana na sanduku la mchanga wanalochezea watoto wa Ulaya na Marekani. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya mmoja wao, kwa sababu umetupatia somo ambalo hatukulitafuta.

Mchezo wenyewe ni upi?

Unaitwa Minecraft. Ulianzishwa na Msweden mmoja, Markus Persson, ambaye aliutoa kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei mwaka 2009, na ukakamilishwa rasmi Novemba 2011. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zilikwisha kuuzwa. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, hata kama hujausikia, huenda mwanao anaujua vizuri.

Ulimwengu wake umeundwa kwa matofali ya mraba, kila moja likihesabiwa kuwa mita moja kila upande. Kuna matofali ya udongo, ya mawe, ya mchanga, ya maji na ya mbao. Ulimwengu huo ni mpana ajabu. Katika kompyuta huenea kilomita 60,000 kwa 60,000, yaani eneo kama mara saba ya uso wa dunia yetu. Mchezaji huingia humo mikono mitupu. Hupiga mti mpaka apate gogo, gogo moja humpa mbao nne, na mbao nne humpa meza ya fundi. Kutoka hapo hutengeneza shoka, jembe, mlango na kitanda. Siku nzima ya mchezo, mchana na usiku, ni dakika 20 za saa yetu. Giza likiingia hutokea viumbe wabaya, na asiye na pa kujisitiri hupata taabu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyajua, na kwa kweli hatukuyajali sana. Tuliyaweka katika fungu moja na kelele nyingine za watoto, mpaka lilipotokea jambo nyumbani kwa mwenzetu mmoja tunayefanya naye kazi ya kuliandaa gazeti hili. Ameturuhusu tulisimulie.

Kilichotokea

Ilikuwa Jumamosi. Mwenzetu huyu alikuwa akienda kwenye sherehe ya akina mama wa kanisani, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Kabla ya kutoka, simu yake ikamwambia kwamba nafasi imejaa. Akatazama ni kitu gani kilichoijaza, akauona mchezo wa mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Akaubonyeza, akaufuta. Kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Jioni mtoto alipoichukua simu, hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa jiko akauliza, "Mama, nyumba ya babu imekwenda wapi?"

Mama hakuelewa. Ndipo dada yake, wa miaka minane, alipoeleza. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kaka yake alikuwa akiijenga nyumba ya babu yao wa Korogwe ndani ya mchezo ule. Aliweka baraza, ngazi za kupandia barazani, mwembe upande wa kushoto, na kitanda cha babu karibu na dirisha. Mlangoni aliweka mwenge usiozimika, maana babu aliogopa kujikwaa usiku. Babu mwenyewe alikuwa amefariki. Nyumba ya kweli ndugu walikuwa wameiuza baada ya arobaini ili kulipa madeni, na mnunuzi akaibomoa. Hiyo ya kwenye simu ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mchezo ulirudishwa kwenye simu usiku uleule. Ulimwengu wa mtoto haukurudi.

Mwenzetu alimwambia mwanawe maneno ambayo wengi wetu tungeyasema: "Ni mchezo tu, mwanangu. Utajenga nyingine." Mtoto akaenda kulala bila kula.

Lakini mama hakupata usingizi. Alikumbuka siku ilipouzwa nyumba ya baba yake, nyumba aliyozaliwa, na jinsi alivyolia mbele ya kaka zake. Mmoja wao alimwambia, "Ni nyumba tu, dada. Tutajenga nyingine." Maneno yale yalikuwa yamemkaa moyoni kama mwiba kwa miezi mingi. Sasa aliyasikia tena, na safari hii yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya kwenda ibadani, aliketi kitandani kwa mwanawe akamwambia, "Nimekukosea. Nilifuta kitu chako bila kukuuliza, kisha nikakidharau. Naomba unisamehe."

Wapo watakaosema kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha, maana heshima itashuka. Sisi tuliolelewa zamani tunaijua hoja hiyo. Hata hivyo, tunawafundisha watoto wetu kila siku kuungama makosa yao mbele za Mungu na mbele ya wenzao. Watajifunzia wapi namna ya kufanya hivyo, kama hawajamwona mtu mzima akifanya? Heshima ya mama huyu haikushuka. Mtoto alinyamaza, akanywa chai yake, kisha akajibu, "Sawa, Mama. Lakini uje tujenge wote."

Usiku wa kwanza

Basi mama akajifunza kucheza. Mara ya kwanza alizurura mchana kutwa akitazama maua na kondoo. Jua likatua, viumbe wakatokea, akafa. Mwanawe akacheka mpaka machozi yakamtoka, naye akamweleza kanuni ya kwanza: mchana ni mfupi, kwa hiyo tafuta kwanza pa kulala, mengine yatafuata. Si lazima iwe nyumba nzuri. Hata shimo kwenye kilima lenye mlango linatosha kwa usiku wa kwanza.

Tulipoyasikia hayo tuliwakumbuka mabinti wanaoanza nyumba zao. Wengi huanza na mapambo: makochi ya mkopo, pazia za bei, picha za harusi za kuwaonyesha watu. Mlango wa kuzuia usiku hawajauweka. Usiku wenyewe, nao, haukosi kuja. Huja kama ugonjwa, kama kuachishwa kazi, kama ugomvi na mawifi. Walioanza na mlango, yaani sala ya pamoja, akiba kidogo na ukweli kati yao, huamka salama hata kama nyumba yao haina kochi.

Kanuni ya pili huijua kila mchezaji: usichimbe moja kwa moja chini ya miguu yako. Ukifanya hivyo huoni unakokwenda, na unaweza kutumbukia katika pango au katika ziwa la moto lililo chini. Wazoefu huchimba kwa kushuka ngazi, ili wabaki na njia ya kurudi. Hapo tena hatukuhitaji mfasiri. Anayekopa ili alipe deni jingine, na anayedanganya ili kuufunika uongo wa jana, wote wanachimba chini ya miguu yao.

Kanuni ya tatu inahusu mwanga. Wale viumbe wabaya huzaliwa gizani. Mchezaji anaweza kupigana nao usiku kucha, au anaweza kuweka mienge kuzunguka nyumba yake, nao wasizaliwe hapo. Dada mdogo ndiye aliyemwonyesha mama jambo hilo. Ni mara ngapi katika familia zetu tunapigana na mambo yaliyoota gizani, ambayo yangekosa pa kuota kama tungeyasema mapema, kwa upole, na taa ikiwaka?

Tena kuna ajabu moja. Katika mchezo huu matofali mengi hayaanguki. Ukikata shina la mti, matawi yake hubaki yakielea hewani. Lakini mchanga huanguka. Ukitoa kinachoushikilia, unaporomoka wote. Bwana wetu alipotoa mfano wa wajenzi wawili hakuhitaji kompyuta ili kulijua hilo.

Uhuru na upweke

Jambo lililotufikirisha zaidi ni kwamba mchezo huu haukuambii uishi kwa ajili ya nini. Unaweza kulima ngano, kufuga kuku, kuchimba almasi, au kujenga mnara mpaka mawinguni. Lipo joka mahali pa mbali, na wenye uwezo hulishinda. Baada ya ushindi huo hupita maneno marefu kwenye kioo, kisha mchezaji hurudishwa kwenye kitanda chake kilekile. Mazao yanasubiri kuvunwa kama jana. Wengi wanaolishinda huuliza, "Sasa nifanye nini?"

Swali hilo ni la zamani. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri alijenga majumba, akapanda mashamba ya mizabibu, akakusanya fedha, kisha akauliza hivyohivyo. Hata Markus Persson mwenyewe alilifikia. Mwaka 2014 kampuni yake iliuzwa kwa Microsoft kwa dola bilioni 2.5, akawa mmoja wa matajiri wanaojulikana duniani. Mwaka uliofuata aliandika hadharani kwamba, pamoja na karamu, marafiki mashuhuri na uwezo wa kufanya lolote atakalo, hajawahi kujiona mpweke kiasi hicho. Hatumtaji ili tumcheke. Tunamtaja kwa sababu alisema kweli ambayo wengi huificha. Uhuru wa kufanya kila kitu haumwambii mtu ni kitu gani kinachofaa kufanywa, wala ni kwa ajili ya nani.

Mtoto wa mwenzetu alikuwa na jibu, ingawa hakujua kwamba analo. Katika ulimwengu mpana mara saba ya dunia, ambamo angeweza kujijengea kasri ya dhahabu, alijenga nyumba ya vyumba vitatu ya mzee aliyempenda. Upendo ndio uliomwambia ajenge nini.

Tulipata mfano mwingine karibu na kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na watengenezaji wa Minecraft. Wakazi wa mitaa duni, Kibera ikiwa mojawapo ya mahali pa mwanzo, walikusanywa wakatumia mchezo huo kuonyesha jinsi wanavyotaka viwanja vyao vya wazi viwe: njia ipite wapi, taa zikae wapi, watoto wachezee wapi. Mtu ambaye hajasoma ramani ya mhandisi aliweza kuweka tofali lake kwenye kioo akasema, "Hapa." Mpango huo baadaye ulienea katika nchi nyingi. Mchezo uleule unaomfungia mtoto mmoja chumbani umewatoa watu nje wakakaa pamoja. Tofauti iko katika kile kinachojengwa, na wale kinaojengewa.

Mahali ambapo mfano unakwama

Hata hivyo, akina mama, kila mfano una mpaka wake, na watoto wetu wanahitaji kuuona mpaka huo.

Katika mchezo ukifa unaamka tena kitandani. Vitu ulivyobeba hubaki pale ulipofia, nawe ukikimbia unaweza kuviokota, maana visipookotwa kwa dakika tano hupotea. Maisha yetu ya hapa hatuyarudii hivyo. Ufufuo tunaoutumaini si wa kurudi kitandani tukajaribu tena. Ni zawadi, na gharama yake imelipwa na mwingine. Mtoto anayejaribu kuruka ukuta au kuchezea umeme lazima aambiwe wazi kwamba kitanda cha mchezo hakipo hapa.

Pili, watu si matofali. Tofali ukiliweka leo hukaa. Mume, mtoto, mkwe na jirani wana nia zao, na huwezi kuwapanga kwa kidole. Tatu, mchezo una hali ambamo mchezaji hupewa kila kitu bure, haumii wala haoni njaa. Wachezaji wengi husema kwamba kitu kilichopatikana hivyo huchosha upesi. Sisi tunaoomba kila siku Mungu atuondolee taabu zote tufikiri kidogo juu ya hilo, bila kuisifu taabu.

Na liko jambo moja la kutia moyo. Yule kiumbe mbaya maarufu kuliko wote katika mchezo, wa rangi ya kijani, alitokana na kosa. Mtengenezaji alikusudia kumchora nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo, akapata kitu kirefu kilichosimama wima. Hakukitupa. Leo kiumbe huyo ndiye nembo ya mchezo. Ikiwa fundi wa kibinadamu anaweza kulipatia kosa lake mahali, basi tusikate tamaa kwa makosa yetu tuliyoyaweka mikononi mwa Fundi aliye mkuu kuliko sisi.

Ushauri kwa wazazi

Hatusemi kwamba watoto waachwe na simu mchana kutwa. Kila nyumba iweke saa zake, na kazi za shule, kazi za nyumbani na ibada zitangulie. Mzazi ajue kama mwanawe anacheza peke yake au na watu wengine kwa njia ya intaneti, maana hapo wanaweza kuingia wageni wasio na nia njema. Mtoto afundishwe kutotaja jina lake kamili, shule yake wala mahali anapoishi.

Lakini zaidi ya hayo tunashauri: kabla hujakataza, keti uulize. "Hiki ulichojenga ni nini? Nani anaishi humu?" Huenda ukajibiwa mambo ambayo mtoto hakupata maneno ya kuyasema msibani. Na ukitaka kufuta kitu kilichomo ndani ya simu, hata kama simu ni yako, mwulize kwanza mwenye kitu. Kama kinahifadhika, tengenezeni nakala.

Ngazi ya nne

Mwenzetu na watoto wake walianza kuijenga upya nyumba ya babu, nusu saa kila Jumamosi jioni. Kuta zilisimama, mwembe ukapandwa, kitanda kikawekwa dirishani. Walipofika barazani wakabishana. Kijana alisema ngazi zilikuwa tatu, na yeye alizipanda mwenyewe. Mama akasema hapana, zilikuwa nne. Ya chini kabisa ilifukiwa na udongo mwaka wa mvua kubwa, kabla yeye hajazaliwa. Babu yao alikataa kuifukua, akasema ardhi nayo inataka kupanda barazani.

Mtoto hakuwahi kulisikia hilo. Akacheka, akaomba asimuliwe mengine, na usiku ule nusu saa ikawa saa mbili, simu ikiwa imezimwa kando.

Juma lililofuata alizijenga ngazi nne, kisha akaifunika ile ya chini kwa udongo. Dada yake akamwuliza kwa nini anajenga kitu kisichoonekana. Akamjibu, "Sisi tunajua kuwa ipo."

Tunaomba Mungu azijalie nyumba zetu zote ngazi za namna hiyo.